Vichekesho vya Runinga: Mali Isiyo na Daftari

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii aghalabu hutajiwa wafanyabiashara, lakini inatuhusu pia sisi walimu na wanafunzi wa Kiswahili katika Kaunti ya Kwale, kuanzia Diani hadi Msambweni na Vanga. Mali ninayoikusudia ni vichekesho vya runinga. Daftari lake ni kanda na diski zilizomo majumbani mwetu.

Wapo wanaoviona vichekesho kuwa upuuzi wa kupitishia jioni. Nawaomba wavisikilize upya. Katika Vitimbi vya KBC, Mzee Ojwang' alikizungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo, na nchi nzima ikamcheka na kumpenda. Hata hivyo, mwigizaji mwenyewe, marehemu Benson Wanjau aliyefariki mwaka wa 2015, alikuwa Mkikuyu. Kwa hivyo lafudhi ile haikuwa ya ulimi wake wa kuzaliwa. Ilikuwa vazi alilolivaa kwa ustadi wa mtu mwenye sikio kali. Kijaluo hakina sauti /sh/ wala /z/. Ndipo mzungumzaji wake anapoweza kutamka 'sida' akikusudia shida, au 'kasi' akikusudia kazi. Mwalimu wa isimujamii atapata wapi mfano ulio hai kuliko huu?

Vioja Mahakamani nayo, iliyoanza enzi za Sauti ya Kenya kabla ya shirika hilo kuwa KBC mwaka wa 1989, ni somo zima la sajili. Hakimu anatumia lugha rasmi ya sheria. Mshtakiwa anajibu kwa lugha ya mtaani. Kicheko kinazaliwa pale lugha hizo mbili zinapogongana. Mwishoni mwa miaka ya 1990, kundi la Redykyulass lilithubutu hata kumwigiza Rais Daniel arap Moi akiwa angali madarakani. Hapo mwigo wa sauti ulikuwa siasa pia.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwetu. Mtoto wa Kidigo husema 'atu' nyumbani badala ya watu, na 'chitu' badala ya kitu. Kule Shimoni kuna Chifundi, na kule Wasini na Vanga kuna Kivumba. Mtoto huyo anapochekwa darasani kwa matamshi yake, huinamisha kichwa na kunyamaza, na pengine asinyanyue mkono tena muhula mzima. Akionyeshwa kwamba lafudhi hufuata kanuni, na kwamba msanii mkubwa huhitaji kuisomea lafudhi kabla ya kuiigiza, atajua kwamba ulimi wake hauna kasoro. Lakini hayo hayafunziki kwa kitabu. Maandishi ya mchezo huhifadhi maneno. Lafudhi, kituo cha pumzi na mkunjo wa uso huhifadhiwa na kanda pekee.

Wala tusidhani kwamba vituo vya utangazaji vitatuhifadhia kila kitu. Shirika tajiri la BBC lilifuta sehemu kubwa ya vichekesho vya Peter Cook na Dudley Moore, Not Only... But Also, vilivyotangazwa kati ya 1965 na 1970, kwa kuwa kanda zilikuwa ghali na zilitumiwa tena. Kwa upande mwingine, vipindi vya Doctor Who ambavyo picha zake zilipotea vimebaki na sauti, kwa sababu watazamaji walizinasa nyumbani kwao. Raia wa kawaida waliokoa walichokitupa wakubwa.

Tufanyeje basi? Kwanza, tuziokoe kanda kuukuu za VHS. Unyevu na joto la Pwani huziotesha kuvu, na deki zenyewe zinaadimika: Funai ya Japani, kampuni ya mwisho kuzitengeneza, iliacha Julai 2016. Tafuta deki nzima, kebo yenye vichwa vitatu (cha manjano kwa picha, cheupe na chekundu kwa sauti), na kifaa kidogo cha kupeleka picha kwenye tarakilishi. Kanda yenye kuvu usiitie katika deki, maana itachafua vichwa vya kusomea na kuambukiza kanda nyingine. Uwe na subira pia: kanda ya saa tatu huhitaji saa tatu kunakiliwa.

Pili, tunase vipindi vipya. Tangu Kenya ihamie utangazaji wa dijitali mwaka wa 2015, ving'amuzi vingi vimekuwa na tundu la kuchomekea diski, na kunasa kipindi ni suala la kubonyeza kitufe. Andika jina la kipindi, kituo na tarehe papo hapo, kwa kuwa kanda isiyo na jina ni nusu ya kanda iliyopotea. Weka nakala mbili, moja mbali na nyumbani. Aidha, tuzitumie nakala hizo kwa kusoma na kufurahi, kamwe si kwa kuziuza. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inalinda jasho la wasanii.

Tatu, walimu wawape wanafunzi kazi. Kila mmoja achague dakika tano za kichekesho, ayaandike matamshi kama yalivyosikika, kisha aeleze ni sauti gani iliyobadilika na kwa nini. Halafu darasa litunge kichekesho chake, kwa Kiswahili cha Msambweni kama kinavyosemwa, nacho pia kinaswe. Vijana watacheka, na wakicheka watakumbuka. Wajukuu wetu nao watapata kusikia jinsi tulivyozungumza, na kilichotuchekesha.