Aliyetumwa na wanafunzi arudi na majibu

Matokeo ya muhula yanapowekwa mtandaoni, mtu wa kwanza kupigiwa simu katika kozi nyingi za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni kiongozi wa darasa, ambaye wanafunzi humwita CR. Shida anazoelezwa zinafanana. Mmoja alifanya majaribio yote lakini alama zake hazionekani. Mwingine ameandikiwa sapu, yaani mtihani wa marudio, katika somo ambalo ana hakika amelifaulu. CR anachukua karatasi, anaorodhesha majina, namba za usajili na msimbo wa somo, kisha anaanza kuzunguka: kwa mhadhiri, idarani, halafu kwa mhadhiri tena. Pengine mhadhiri amesafiri. Pengine karatasi za jaribio zimefungiwa kabatini na ufunguo anao mtu mwingine. Wakati huo huo mwenye alama zisizokamilika halali usingizi, kwa sababu asipovuka mwaka, mkopo wake nao uko mashakani.

CR halipwi kwa kazi hiyo, hana ofisi, na picha yake haijawahi kubandikwa kwenye bango la kampeni. Lakini akirudi darasani na kusema, "Wale saba tayari, bado wawili, tuonane Alhamisi," amekamilisha kazi yote ya uwakilishi: ametumwa, amekwenda, amerudi na majibu.

Kila mwaka kampasi zetu huchangamka unapofika uchaguzi wa serikali ya wanafunzi. Nyimbo zinaimbwa, suti zinaazimwa, wagombea wanapita vyumba kwa vyumba wakiomba kura. Pale Mlimani, kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, serikali hiyo ni DARUSO, yenye rais, waziri mkuu, mawaziri na bunge lake. Ni chombo kikubwa, na kwa vijana wengi ndiyo mara ya kwanza kumchagua kiongozi wanayeweza kukutana naye kwenye foleni ya chakula. Kwa hiyo swali la kuuliza ni moja: baada ya shangwe za kuapishwa, ni nini kinachorudi kwa aliyepiga kura?

Barabara walizopita waliotangulia

Historia ya Mlimani ina majibu, mengine machungu. Chuo kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi 14. Mwaka 1964 kilihamia kilimani kilipo sasa. Miaka miwili tu baadaye, tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga utaratibu mpya wa Jeshi la Kujenga Taifa. Wahitimu walitakiwa kutumikia miaka miwili, na kwa sehemu kubwa ya muda huo wapokee asilimia 40 tu ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawarudisha makwao zaidi ya 300. Hapo hapo akatangaza kuukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye nchi ilipata Azimio la Arusha na falsafa ya Elimu ya Kujitegemea.

Vijana wa 1966 walikuwa wakitetea nafasi yao wenyewe. Waliowafuata walitanua macho. Mwaka 1967 ilianzishwa USARF, umoja wa wanafunzi wanamapinduzi wa Afrika, chini ya uenyekiti wa mwanafunzi kutoka Uganda, Yoweri Museveni. Walisoma, wakabishana na walimu kama Walter Rodney, wakachapisha jarida la Cheche. Novemba 1970 serikali iliupiga marufuku umoja huo pamoja na jarida lake.

Julai 1971 ukafuata mgogoro wa Akivaga. Symonds Akivaga, Mkenya aliyekuwa rais wa chama cha wanafunzi, DUSO, alimwandikia barua ya wazi makamu mkuu wa chuo, Pius Msekwa, akilalamikia namna chuo kilivyokuwa kikiendeshwa. Akakamatwa na askari wa Kikosi cha Kutuliza Ghasia mbele ya wenzake na kuondolewa chuoni. Wanafunzi wakasusia masomo. Kilichowauma zaidi kilikuwa kuamuliwa mambo na watu ambao hawakuwauliza.

Machi 1978 wakaingia tena barabarani, safari hii kupinga nyongeza za marupurupu ya mawaziri na wabunge. Ndani ya miaka 12 wanafunzi walikuwa wametoka kudai masilahi ya kundi lao hadi kuwahoji wakubwa kwa niaba ya taifa zima. Takriban 350 walifukuzwa, akiwemo mtoto wa Rais. DUSO ikafutwa, na mahali pake ikaja MUWATA, iliyofungamanishwa na umoja wa vijana wa chama tawala. Kuanzia hapo aliyepaswa kuwasemea wanafunzi alikuwa na bwana mwingine wa kumridhisha. Chombo kikawepo, imani ikaondoka. Mei 1990 migomo ilipopamba moto, Rais Mwinyi alikifunga chuo, kikafunguliwa mwanzoni mwa mwaka uliofuata. Baada ya hapo ndipo ikaja DARUSO.

Ukiitazama miaka hiyo kwa pamoja, utaona jambo moja likijirudia. Wanafunzi hukimbilia barabarani pale wanapokosa mlango wa kubisha, au pale anayekaa mlangoni anapoacha kuwa mtu wao. Mgomo ni dalili ya uwakilishi uliokwama.

Boom na kitanda

Siku hizi vita vya wanafunzi vimesogea karibu na mfuko na tumbo. Serikali ilipoanza kuchangia gharama na wazazi, na baadaye sheria ya mwaka 2004 ilipounda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, maisha ya chuo yalianza kwenda kwa kalenda ya fedha. Fedha ya kujikimu wanafunzi wanaiita boom, na boom likichelewa kampasi nzima inajua. Mama lishe anafungua daftari la madeni. Kibanda cha kutoa kopi kinabaki na madesa, yaani nakala za masomo, yasiyochukuliwa. Wali maharage, uliokuwa chakula cha mchana, unageuka kuwa mlo wa siku nzima, na wengine wanaingia kwenye kipindi cha saa mbili asubuhi bila hata chai.

Hapo ndipo waziri wa mikopo wa serikali ya wanafunzi anapohitajika. Kazi yake haina nyimbo. Anatakiwa ajue nani jina lake halikuja, nani alikuwa amelazwa hospitali siku ya kusaini fedha hiyo, nani akaunti yake ya benki ina herufi moja iliyokosewa. Kila shida kati ya hizo ina dawa yake na ofisi yake. Kiongozi anayekwenda Bodi na malalamiko ya jumla hurudi na ahadi ya jumla. Anayekwenda na orodha iliyonyooka, yenye majina, namba na vielelezo, hurudi na tarehe.

Suala la malazi nalo lina sura yake. Aprili 2017 zilifunguliwa hosteli zilizopewa jina la Rais Magufuli, majengo 20 yenye nafasi ya wanafunzi 3,840. Zilipunguza shida iliyokuwa kubwa, lakini hazikuimaliza. Waliokosa nafasi hupanga Changanyikeni, Msewe, Sinza na kwingineko, au hubebana. Anayejua hosteli anajua kubebana ni nini: kitanda kilichotengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja kinalaliwa na wawili, mzungu wa nne, miguu ya huyu ikigusa mto wa yule, na chumba cha wanne kinahifadhi masanduku ya wanane. Wanabebana kwa upendo, kwa sababu hakuna anayetaka mwenzake alale nje. Lakini anayebebwa hayumo kwenye orodha yoyote, na asiyekuwa kwenye orodha hana pa kulalamikia maji yakikatika au akiibiwa. Kiongozi makini huwahesabu hata hao, akaipelekea menejimenti idadi halisi ya wanaolala chuoni.

Sauti ya mwanafunzi wa kike

Kuna kurasa za historia yetu ambazo kila anayegombea uongozi wa wanafunzi anapaswa kuzijua. Kwa miaka mingi Mlimani palikuwa na Mzee Punch, mchoraji asiyejulikana aliyebandika vikaragosi na maandishi ukutani. Wapo waliomsifu kwa kuwasema wakubwa. Lakini wanafunzi wa kike ndio walioumizwa zaidi na maandishi hayo, na zomeazomea iliwafuata hadi kwenye ukumbi wa chakula. Februari 1990 mwanafunzi Levina Mukasa alijiua baada ya kunyanyaswa na wanafunzi wenzake wa kiume. Kifo chake kiliwatikisa wanaharakati wa haki za wanawake nchini, na Punch akapigwa marufuku.

Waliomnyanyasa walikuwa wanafunzi, siyo serikali wala utawala wa chuo. Hilo linatufundisha kwamba chama cha wanafunzi kinaweza kupaza sauti dhidi ya wakubwa huku ndani ya nyumba yake mnyonge anaonewa. Mwakilishi anapimwa pia kwa namna anavyomlinda mwanafunzi dhidi ya mwanafunzi mwenzake. Binti anayetakwa rushwa ya ngono ili apewe alama, au anayechafuliwa katika makundi ya WhatsApp, anahitaji kiongozi atakayemsindikiza hadi kwenye dawati la jinsia na kuifuatilia kesi yake bila kuitangaza.

Ngazi ya siasa

Hakuna aibu kwa kiongozi wa wanafunzi kuingia siasa baadaye. Vyama vyenyewe vinalijua hilo: CHADEMA ina CHASO, jumuiya yake ya wanafunzi, na CCM ina seneti ya vyuo vikuu. Ubaya huanza pale rais wa wanafunzi anapoanza kupima kila tamko kwa kuangalia nani juu atalipenda. Hapo roho ya MUWATA inarudi bila kutajwa jina.

Majirani zetu Kenya wana funzo lao. SONU, chama cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, kilizaliwa mwaka 1982 na kupigwa marufuku mwaka huo huo baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti. Mwenyekiti wake, Titus Adungosi, alifungwa na kufia gerezani mwaka 1988. Chama hicho kilikuja kurejea, na ngazi yake ikawapandisha vijana kama Babu Owino hadi bungeni. Lakini kampeni zake zikawa za fedha nyingi na fujo. Mwaka 2016 sheria ya vyuo vikuu ilibadilishwa, na viongozi wa juu wakaanza kuchaguliwa na wajumbe badala ya kura ya kila mwanafunzi. Waliotunga sheria walitaka utulivu. Ila wajumbe wachache ni rahisi kuwanunua kuliko maelfu, na mwanafunzi asiyemchagua kiongozi wake moja kwa moja hana ujasiri wa kumdai hesabu. Fujo za uchaguzi zitibiwe kwa kuweka kikomo cha matumizi na kuwaadhibu wanaofanya vurugu. Kura ya mwanafunzi ibaki mkononi mwake.

Tuwadai nini?

Kwanza, hesabu. Kila mwanafunzi huchangia ada ya serikali ya wanafunzi, na fedha hiyo ni ya mtoto wa mkulima wa Kasulu na wa muuza samaki wa Feri. Matumizi yake yabandikwe ubaoni kila muhula, kifungu kwa kifungu, ili anayetaka kuhoji ahoji.

Pili, mrejesho. Wanafunzi wana viti katika baraza la chuo na katika seneti. Anayekalia kiti hicho asome makabrasha kabla ya kikao, awaulize wenzake, na wiki moja baada ya kikao aeleze alisema nini, akajibiwa nini na kimebaki nini. Pale penye siri ya kikao aseme pana siri, ila asinyamaze.

Tatu, tuwajenge ma-CR. Wafundishwe kanuni za mitihani, taratibu za rufaa na namna ya kuandika barua inayojibiwa. Rais wa wanafunzi anaweza kukosekana mwezi mzima na masomo yakaendelea. Darasa lisilo na CR mzuri huumia wiki hiyo hiyo.

Nne, walindwe. Uongozi wa chuo unaomwadhibu kiongozi kwa kuleta malalamiko ya kweli unaufunga mlango wake wenyewe, na yaliyotokea 1971, 1978 na 1990 yanaonyesha wanafunzi watapita wapi mlango ukishakosekana.

Na wewe unayepiga kura, msimu ujao mgombea akigonga mlango wa chumba chako, muulize mambo matatu. Ameshamsaidia nani kabla ya kugombea? Ataturudishia majibu kwa njia gani, na kila baada ya muda gani? Tukipishana na wakubwa wake wa nje, atasimama na nani? Akijibu kwa nyimbo, mwache apite. Akijibu kwa majina, tarehe na mpango unaoeleweka, mpe kura yako, halafu mfuatilie mpaka siku ya mwisho ya uongozi wake.