Jumba la Sanaa la Lakeville na Suala la Makuti



Jumamosi moja nilikuwa na shughuli Lakeville, mji ulio kusini mwa Minneapolis, kama nusu saa hivi kwa gari ikiwa barabara haina theluji. Nikapita Holyoke Avenue, katika sehemu ya zamani ya mji, nikasimama kulitazama jumba lao la sanaa, Lakeville Area Arts Center. Ni mali ya mji. Watu huenda pale kuangalia michezo ya kuigiza, kusikiliza muziki, kutazama picha na kujifunza sanaa. Lakini ukilitazama kwa nje huwezi kukosea: ni kanisa. Lilikuwa kanisa Katoliki kabla mji haujalifanya jumba la sanaa.

Naileta habari hii kwa sababu ya mazungumzo yanayoendelea baina yetu Waafrika Mashariki tunaoishi huku. Wapo wenzetu wanaotaka tujenge jumba la utamaduni "kwa usanifu wa Kiswahili". Ndugu mmoja ameshachora hata ramani: paa la makuti, mlango wa nakshi mbele, na katikati ukumbi wa watu mia nne. Mchoro unapendeza, sikatai. Ila nina shaka nao, na shaka yangu si ya pesa tu.

Tuanze na huo ukumbi. Nyumba za mawe za Lamu na Unguja zina vyumba virefu na vyembamba. Sababu yake ni boriti. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita mbili na nusu au tatu hivi kutoka ukuta hadi ukuta. Fundi aliyetaka upana zaidi, kwa mfano msikitini, ilimbidi asimamishe safu za nguzo. Sasa watu mia nne watakaa wapi waone jukwaa bila nguzo kuwaziba? Jibu la wazee wetu lilikuwa rahisi: watu walikaa nje. Ngoma ilichezwa uwanjani, na mazungumzo yalifanyika barazani. Nyumba ilikuwa ya familia na ya sitara yake. Kwa hiyo ukumbi mkubwa uliofungwa pande zote, hata ukiupachika mlango wa nakshi, si wa jadi ya pwani.

Ndiyo maana Ngome Kongwe ya Unguja imefaa sana kwa sanaa. Waomani waliijenga baada ya Mreno kufukuzwa mwaka 1698, mahali palipokuwa na kanisa dogo la Wareno (kumbe na sisi tuna yetu ya makanisa!). Baadaye imekuwa gereza, imekuwa karakana ya reli, hata kina mama wakapata klabu yao humo. Miaka ya 1990 pakajengwa ngazi za kukalia watazamaji, kisha tamasha la filamu la ZIFF na Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, yakapata nyumba. Kilichofaa pale ni ua: kuta nene pande zote, juu mbingu. Hakuna aliyehitaji kubuni upya jadi yoyote.

Bagamoyo walijaribu njia nyingine. Chuo cha Sanaa, ambacho leo tunakiita TaSUBa, kilianza mwaka 1981, na baadaye kikajengewa ukumbi wa maonyesho kwa msaada wa Sweden. Paa lake lilikuwa la makuti, kubwa la kushangaza. Kwa upepo wa bahari na joto la pwani, makuti hayana mpinzani. Hewa inapita, mvua haiingii. Mwaka 2002 ukumbi ule uliungua. Makuti juu ya banda la mvuvi yakiungua, jirani wanasaidiana na baada ya wiki banda limesimama. Makuti juu ya taa za jukwaa na nyaya za umeme ni jambo jingine kabisa. Ukumbi ulijengwa tena, lakini ilichukua miaka.

Sasa njooni Minnesota. Hapa msingi huchimbwa zaidi ya mita moja kwenda chini ili upite udongo unaoganda. Paa lazima libebe uzito wa theluji miezi mingi, na Januari hakuna atakayekaa uani kusikiliza taarabu, labda awe amelewa. Makuti huku yangekuwa pambo la kubandika juu ya bati, na sidhani kama tunataka watoto wetu wajue kwamba jadi yao ni pambo.

Kwa hiyo mimi napendekeza tutafute jengo la zamani, kama Lakeville walivyofanya. Makanisa ya miji hii yana kile ambacho mikoko haikuweza kutupa, yaani upana bila nguzo, tena yamekwisha kuzoea baridi. Ganda liwe la hapa.

Cha kwetu kiwe baraza. Namaanisha baraza yenyewe, ile ya kujengwa ukutani, ndefu, ndani ya mlango ambako kuna joto, ambapo mtu ataketi kabla ya onyesho na baada yake bila kuulizwa tiketi. Kumbi nyingi za huku nilizoingia, onyesho likiisha taa zinawashwa na kila mtu anakimbilia gari lake. Mzee aliyeletwa na mwanawe hapati hata dakika ya kumwuliza mwenzake wa Tanga au Mombasa habari za nyumbani. Baraza ya mita kumi gharama yake ni mbao na fundi wa siku chache.

Ndugu mwenye mchoro, usikasirike. Ule mlango wa nakshi tutauweka, ila uwe wa ndani, theluji isiufikie.