Wakala Aliyehamia Upande wa Pili wa Meza

Wapo watu wa sanaa ambao hatuwaoni jukwaani wala hatuwasikii redioni, lakini ndio wanaoamua nani apande na alipwe kiasi gani. Mmoja wao alikuwa Mmarekani Leland Hayward, aliyezaliwa Nebraska mwaka 1902 na kufariki dunia mwaka 1971.

Alipata jina kwanza kwa uwakala. Wakala humtafutia msanii kazi, humpigania ujira, kisha hukata fungu lake, ambalo kwa desturi ya huko ni asilimia 10. Msanii akiongezewa, wakala naye ameongezewa. Hayward aliwasimamia kina Fred Astaire, Henry Fonda, James Stewart na Katharine Hepburn. Kampuni ya filamu iliyowataka hao ilikuwa sharti ipite kwake.

Lakini wakala hamiliki mchezo. Mwaka 1944 Hayward alipeleka Broadway, mjini New York, mchezo uitwao A Bell for Adano. Mwaka 1945 akaiuza ofisi yake ya uwakala kwa kampuni ya MCA, akashika utayarishaji. Mtayarishaji hununua haki za hadithi, hukusanya mtaji, hukodi ukumbi na kulipa kila mtu. Mchezo ukianguka, fedha zimekwenda. Kwa hiyo yule aliyekuwa akidai msanii aongezwe, sasa ndiye anayetakiwa kubana mfuko.

Mfano mzuri ni South Pacific. Hayward na mwongozaji Joshua Logan walivutiwa na hadithi za mwandishi James Michener. Hayward akajaribu kuzinunua moja kwa moja kwa dola 500. Michener akakataa. Hatimaye alikubali asilimia 1 ya mapato yote. Mchezo ulifunguliwa Aprili 1949, ukaonyeshwa mara 1,925! Angechukua zile dola 500, angebaki kuhesabu watu wakiingia mlangoni.

Hata Hayward mwenyewe alikutana na wajanja wenzake. Watunzi Rodgers na Hammerstein walishika asilimia 51 ya mchezo huo, yeye na Logan wakaachiwa 49. Hata hivyo aliendelea kushirikiana nao, na mwaka 1959 alikuwa miongoni mwa watayarishaji wa The Sound of Music.

Je, mtu mmoja aweza kuwa wakala na mtayarishaji kwa wakati mmoja? Hayward alikwishaiuza ofisi yake. MCA, walioinunua, waliendelea kuwasimamia wasanii huku wakitengeneza vipindi vya televisheni, hadi mwaka 1962 Serikali ya Marekani ilipowabana, wakaachana na uwakala. Sababu iko wazi: muuzaji na mnunuzi wakiwa mtu yule yule, nani atampigania msanii bei?

Katika kazi yangu ya utangazaji nimekaa studio na wanamuziki wengi wasioweza kueleza mkataba waliotia saini unasemaje. Wanamjua "meneja" tu, na huyo huyo ndiye mwenye onyesho na mwenye kanda. Simtuhumu mtu. Nasema tu kwamba kabla ya kushika kalamu, msanii ajiulize swali moja: huyu hushiba nikishiba mimi, au hushiba nikibaki na njaa?