“A” au “the”? Jibu Liko Katika Kiswahili cha Goma

Anayejifunza Kiingereza mjini Goma huvuka mengi kabla ya kufika pale panapomkwamisha. Matamshi ya “th” huyazoea. Vitenzi visivyofuata kanuni huvikariri. Miaka inapita, anapata kazi, anaandika ripoti kwa Kiingereza, na bado ripoti inarudi ikiwa imesahihishwa pale pale: hapa umesahau “a”, hapa “the” haihitajiki, hapa ilihitajika na hukuiweka. Vineno hivi ni vifupi mno, lakini “the” ndilo neno linalotumika kuliko lolote katika Kiingereza kilichoandikwa. Anayekosea hapo hukosea karibu katika kila sentensi.

Kwa Goma hili si jambo la wanafunzi wa isimu peke yao. Kifaransa ndiyo lugha rasmi ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kilingala, Kikongo na Tshiluba. Kiingereza kimeingia kwa milango mingine. Ukivuka mpaka wa Petite Barrière kutoka mtaa wa Birere uko Gisenyi, nchini Rwanda, nchi iliyoamua mwaka 2008 kufundisha kwa Kiingereza na ikajiunga na Jumuiya ya Madola mwaka uliofuata. Kongo yenyewe iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, jumuiya ambayo mkataba wake umeandikwa kwa Kiingereza na kukitaja kuwa lugha rasmi. Juu ya hayo kuna Umoja wa Mataifa na mashirika ya misaada, ambayo kwa miaka mingi yamekuwa miongoni mwa waajiri wanaotafutwa sana mjini. Tangu waasi wa M23 walipoutwaa mji mwishoni mwa Januari 2025, kinachoandikwa kuhusu Goma kinasomwa Geneva, New York na Nairobi, na mara nyingi kinasomwa kwa Kiingereza.

Kwa nini basi vineno hivi ni vigumu hivyo? Jibu la haraka ni kwamba Kiswahili hakina vibainishi vya aina hiyo. “Kitabu” ni kitabu tu, kiwe kinachojulikana au kisichojulikana. Lakini kijana wa Goma hakianzi Kiingereza akiwa na Kiswahili peke yake. Darasani ameshakutana na “le”, “la”, “un” na “une” za Kifaransa, na mwalimu wake wa Kiingereza mara nyingi hufafanua kwa Kifaransa. Kwa hiyo anapofika kwenye “a” na “the”, huchukua njia iliyo karibu: “un” inakuwa “a”, “le” inakuwa “the”, kazi imekwisha.

Nusu ya safari njia hiyo humfikisha. Mfaransa anayeanza kisa kwa “un homme” na kukiendeleza kwa “l'homme” anafanya sawasawa na Mwingereza anayeanza kwa “a man” na kuendelea kwa “the man”. Tatizo ni nusu ya pili. Chukua sentensi tatu ambazo mwalimu yeyote wa Kiingereza mjini Goma atazitambua: “My brother is driver in the North Kivu. The life is expensive. He gave me an information.” Sentensi hizi zina makosa manne, na yote yanafuata Kifaransa.

La kwanza ni “driver”. Kifaransa husema “il est chauffeur” bila kibainishi, kwa sababu kazi ya mtu huchukuliwa kama sifa yake. Kiingereza hudai “a driver”, yaani mmoja katika kundi la madereva. La pili ni “the North Kivu”. Kifaransa huyapa majina ya mikoa na nchi kibainishi: “le Nord-Kivu”, “le Rwanda”, “la Tanzanie”. Kiingereza huyaacha yenyewe: North Kivu, Rwanda, Tanzania. La tatu ni “the life”. Mfaransa akisema “la vie est chère” anazungumzia maisha kwa jumla. Mwingereza akizungumzia kitu kwa jumla, hasa kisichohesabika, hukiacha kitupu: “life is expensive”. La nne ni “an information”. Kifaransa huhesabu taarifa, “une information, deux informations”. Kiingereza hakizihesabu, na ndivyo ilivyo pia kwa “advice” na “equipment”, maneno mawili yanayojaa katika ripoti za mashirika. Anayetaka kuhesabu husema “a piece of information”.

Majina ya mahali yanastahili kukaliwa kwa muda, maana mwandishi wa Goma hawezi kuyakwepa. Maziwa na milima inayotajwa mmoja mmoja haipewi “the”: Lake Kivu, Mount Nyiragongo. Mito na safu za milima hupewa: the Congo River, the Ruzizi, the Virunga Mountains. Jina la nchi lililojengwa kwa neno la kawaida kama jamhuri au ufalme hupewa, na ndiyo maana jina rasmi la Kongo kwa Kiingereza, the Democratic Republic of the Congo, huanza na “the”. Vifupisho navyo vina taratibu zake. Kinachosomwa herufi kwa herufi kwa kawaida huchukua “the”: the UN, the ICRC. Kinachotamkwa kama neno moja huachwa: UNICEF, MONUSCO. Kifaransa husema “la MONUSCO”, na hapo ndipo “the MONUSCO” inapozaliwa katika ripoti nyingi.

Kuhusu “a” na “an”, sikio ndilo linaloamua, si jicho. Tunaandika “an NGO” kwa sababu herufi N inapotamkwa huanza na sauti ya e. Tunaandika “a UN vehicle” kwa sababu U inatamkwa “yu”. Vivyo hivyo “an hour”, ambayo h yake haisikiki, na “a university”, ambayo huanza kwa sauti ya y. Mtu akiisoma sentensi yake kwa sauti kabla ya kuituma, kosa hili huisha.

Hayo yote hukaririwa. Kinachobaki, na ndicho kiini cha jambo, hakikaririki: kujua lini kitu kinajulikana na lini hakijulikani. Hapa ndipo ninapoamini kwamba tumekuwa tukimtafuta mwalimu mbali ilhali yuko nyumbani.

Kiswahili hakina “the”, lakini tofauti ambayo “the” inaibeba kinayo, tena kila siku. Msikilize mlinzi anayepiga simu kutoka langoni. Akisema “kuna gari mlangoni”, anakupa habari ya gari usilolitarajia. Akisema “gari liko mlangoni”, ni gari lile mlilokuwa mnalisubiri, na wewe unachukua mkoba na kutoka. Mitaani Goma atasema “kuko gari” na “gari iko”, na maana zinabaki zile zile. Hakuna msemaji wa Kiswahili anayechanganya sentensi hizi mbili. Kwa Kiingereza ya kwanza ni “there is a car at the gate”, ya pili ni “the car is at the gate”. Mlinzi ameshachagua kati ya “a” na “the” bila kufundishwa na mtu.

Si hapo tu. “Nimenunua kitabu” na “nimekinunua kitabu” hazilingani: kiambishi “ki” ndani ya kitenzi cha pili kinaeleza kwamba kitabu hicho tulishakizungumzia. Mitaani, ambako upatanisho wa ngeli hulegezwa, mtu atasema “ile kitabu nimenunua”, na “ile” iliyotangulia nomino inafanya kazi hiyo hiyo. Kwa binadamu kiambishi hakitoshi, kwa kuwa “nimemwona mtoto” yaweza kuwa mtoto yeyote, lakini “yule mtoto nimemwona” haina shaka. Na anayeanza kusimulia husema “nilikutana na mama mmoja sokoni”, kisha katika sentensi inayofuata mama huyo anakuwa “yule mama”. Hata historia ya Kiingereza inakubaliana na njia hii: “a” na “an” zilitokana na neno la kale lenye maana ya moja, na “the” ilitokana na neno la kuonyesha kama “ile” yetu.

Warusi wako katika hali kama yetu. Wakongo waliosoma Moscow katika Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa, kilichoanzishwa mwaka 1960 na kupewa jina la Patrice Lumumba mwaka uliofuata, walijifunza lugha isiyo na vibainishi kabisa. Mrusi hutumia mpangilio wa maneno: kinachojulikana hutangulia, kipya huja mwishoni. Naye akifika kwenye Kiingereza hukwama tulipokwama sisi. Mwaka 2004 Tania Ionin, Heejeong Ko na Kenneth Wexler walichapisha uchunguzi kuhusu wasemaji wa Kirusi na Kikorea wanaojifunza Kiingereza. Waligundua kwamba makosa yao hayakuwa ya kubahatisha. Mara nyingi waliweka “the” palipohitajika “a” pale ambapo wao wenyewe walikuwa na mtu au kitu fulani akilini, ingawa msikilizaji hakukijua.

Matokeo hayo yanamgusa moja kwa moja msemaji wa Kiswahili. Ninaposema “nilikutana na mama mmoja”, mimi namfahamu mama huyo. Nimemwona, nimezungumza naye. Lakini wewe humjui, na ndiyo maana nikasema “mmoja”. Kwa Kiingereza ni “a woman”, hata kama mimi naweza kumtaja jina. Swali la kujiuliza kabla ya kuandika si “je, mimi ninajua ni kipi?” Ni hili: je, anayenisoma anajua ni kipi?

Swali hilo hujibiwa kulingana na nani anasoma. Tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka kama ilivyolipuka tarehe 17 Januari 2002, mtu wa Goma angeweza kumwandikia jirani yake wa mtaa wa Himbi “the volcano has erupted”, naye jirani asiulize ni upi, ingawa volkano ya Nyamulagira nayo iko pale pale. Angemwandikia mtu wa mbali asiyeijua Goma, angepaswa kuanza na “a volcano near our city”. Mlima ni ule ule. Kilichobadilika ni msomaji.

Katika ripoti za usalama swali hili lina uzito mkubwa zaidi. Kwa Kiswahili twaweza kuandika “wanajeshi walipora maduka” na kunyamaza hapo. Kiingereza hakikuachii nafasi ya kunyamaza. “Soldiers looted shops” ina maana kwamba maduka kadhaa yaliporwa. “The soldiers looted the shops” ina maana kwamba wanajeshi tunaowajua waliyapora maduka ya mahali hapo, na msomaji ataelewa kwamba ni yote. Kineno kimoja kinaweza kumtuhumu asiyehusika au kuongeza ukubwa wa tukio, na mwathirika anayetegemea ripoti hiyo akakosa kuaminiwa.

Mataifa yameshagombana kwa ajili ya jambo hilo hilo. Azimio namba 242 la Baraza la Usalama, la tarehe 22 Novemba 1967, linataka majeshi ya Israeli yaondoke katika maeneo yaliyotekwa kwenye vita vya mwaka huo. Nakala ya Kiingereza haina “the” mbele ya neno maeneo, na kuna wanaoisoma kuwa si lazima yawe maeneo yote. Nakala ya Kifaransa ina “des territoires”, ambayo husomwa kuwa ni maeneo yote. Nakala ya Kirusi haiwezi kuamua, kwa kuwa Kirusi hakina kibainishi. Zaidi ya nusu karne baadaye, wanasheria bado wanabishana.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa Kiingereza wa Goma, wa sekondari na wa madarasa ya jioni: leteni Kiswahili darasani. Chukueni taarifa ya habari ya Radio Okapi kwa Kiswahili, wanafunzi waiandike, kisha kwenye kila nomino waseme kama msikilizaji alishaijua au anaisikia kwa mara ya kwanza. Wakishamaliza hapo ndipo waigeuze kwa Kiingereza. Orodha ya pale Kifaransa kinapotofautiana na Kiingereza, yaani kazi za watu, majina ya mahali, mambo ya jumla na yasiyohesabika, inatosha ukurasa mmoja na inaweza kukaririwa.

Na wewe unayeandika ripoti au barua ya maombi ya kazi, rudi kwenye kila nomino na umfikirie atakayesoma. Akiwa anajua ni kipi, weka “the”. Akiwa hajui na ni kimoja kinachohesabika, weka “a”. Mkiwa mnazungumzia kitu kwa jumla, kiache kitupu. Uamuzi huo umekuwa ukiufanya kwa Kiswahili tangu ulipoanza kusema. Uamini, kisha uandike.