Aliyeona Ajali Asiikimbie Mahakama

Kariakoo ni mahali pa kazi nzito. Tangu alfajiri wachukuzi hubeba marobota katika mitaa ya Kongo na Sikukuu, mikokoteni hupishana na malori, na mafundi hujenga juu huku watu wanauza na kununua chini. Jengo la ghorofa lilipoporomoka penye mitaa ya Mchikichi na Kongo tarehe 16 Novemba, 2024, likaua watu zaidi ya 20, nchi nzima ilishtuka. Lakini mchukuzi mmoja aliyevunjwa mguu na lori hashtui mtu, naye pengine hana silaha ila kinywa chake na vinywa vya wenzake waliokuwapo.

Twaona wafanya kazi wakimchangia mwenzao nauli na chakula kwa moyo mkunjufu, kisha siku ya kuitwa mahakamani hawaonekani. Wengine huogopa kupoteza kibarua, na hofu hiyo hatuwezi kuicheka. Wengine huogopa kwa kuwa hawajui watafanywa nini huko. Hao ndio tunaotaka kuwaeleza.

Huko Marekani mawakili humketisha shahidi ofisini kabla ya kesi, wakamhoji kwa kiapo, maneno yake yakaandikwa. Kwetu desturi ni shahidi kuhojiwa mbele ya hakimu. Aliye mgonjwa hata asiweze kufika, Sheria ya Mwenendo wa Madai ya mwaka 1966 yairuhusu mahakama kumtuma mtu akapokee ushahidi wake huko aliko. Shahidi akiitwa kwa hati, yule aliyeomba aitwe hupaswa kuweka mahakamani gharama za safari yake. Nayo hati hiyo si barua ya mwaliko, maana anayeidharau bila sababu aweza kukamatwa.

Akifika, hungoja nje wakati wenzake wanasema. Akiitwa ndani huapa kwa dini yake, au huthibitisha bila kiapo cha dini. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, basi mchukuzi hana sababu ya kuona haya kwa kutojua Kiingereza. Huulizwa kwanza na upande uliomwita, kisha na upande wa pili kwa maswali ya dodoso, halafu upande wake waweza kumwuliza tena ili kufafanua yaliyotatanishwa.

Katika dodoso ndipo wengi huanguka. Wakili wa mwenye lori ataulizia saa, umbali, rangi, na mahali shahidi aliposimama, tena atarudia swali lile lile kwa sura nyingine. Hiyo ni kazi yake, wala si matusi. Ajibiwe kwa utulivu, na kwa kile tu alichokiuliza. Asiyejua dakika aseme ilikuwa baada ya adhuhuri, kabla ya alasiri. Asiyejua futi aonyeshe: kutoka hapa hadi mlango ule. Na asiyejua kabisa aseme sijui, nalo ni jibu la heshima. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 yataka aliyeona aseme alichokiona mwenyewe. Maneno ya “nilisikia watu wakisema dereva amelewa” hayamsaidii majeruhi hata kidogo. Anayemdhuru zaidi ni rafiki anayetia chumvi kwa huruma, akasema lori lilikuja mbio kama risasi, kumbe mtaa ulikuwa umejaa watu na hapakuwa na nafasi ya kwenda mbio.

Majeruhi naye ana wajibu wake, maana adaiye ndiye athibitishaye. Fomu ya polisi namba 3, ambayo wengi twaiita PF3, cheti cha hospitali na stakabadhi za dawa ni mali. Mahakama ya Rufani imekwisha sema kwamba hasara maalum, kama gharama za matibabu, sharti itajwe na kuthibitishwa kikamilifu. Na madai ya namna hii yafunguliwe kabla ya miaka 3 kupita.

Mwenye mwajiri ana njia nyingine. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 imeunda Mfuko wa Fidia, ambao hulipa bila kumtaka mfanya kazi athibitishe kosa la mwajiri. Taarifa lakini isichelewe: miezi 12 ikipita bila ajali kutolewa taarifa, haki yaweza kupotea. Sasa, mchukuzi anayelipwa kwa kila mzigo na kila mteja, mwajiri wake ni nani? Hapo Mfuko haumfikii kwa urahisi, na kwake shahidi ni kila kitu.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa matawi na wa vikundi vya wachukuzi: ajali ikitokea, majeruhi akiisha pelekwa hospitali, mmoja abaki nyuma na karatasi. Aandike namba ya gari, saa, mahali, na majina ya waliokuwapo pamoja na wanakopatikana, siku ile ile, kabla lori halijashusha mzigo likaondoka na mtaa ukajaa watu wengine.