Kuchunguza Protini Ndani ya Utando wa Lipidi: Nafasi ya Diuteriamu katika Mtawanyiko wa Nyutroni

Makala hii inafafanua namna mtawanyiko wa nyutroni katika pembe ndogo unavyotumika kuchunguza protini zilizomo ndani ya tando za lipidi. Tatizo la msingi ni kwamba nyingi kati ya protini hizo hupoteza umbo lake la asili zikitolewa katika lipidi. Na zikiachwa humo, lipidi nazo hutawanya miale na kuficha taarifa za protini. Mtafiti huhitaji kuubakiza utando mahali pake, lakini usionekane.

Miale ya eksirei hutawanywa na elektroni, ilhali nyutroni hutawanywa na viini vya atomu. Kwa eksirei, haidrojeni na diuteriamu ni sawa, kwa kuwa kila moja ina elektroni moja. Kwa nyutroni, urefu wa mtawanyiko wa haidrojeni ni femtomita −3.74, na wa diuteriamu ni femtomita 6.67. Aidha, nishati ya nyutroni baridi haitoshi kuvunja bondi za kikemikali, hivyo sampuli hudumu.

Kutokana na tofauti hiyo, mtafiti huchanganya maji ya kawaida na maji mazito hadi sehemu moja ya sampuli ilingane na kiyeyushi na mtawanyiko wake ufifie. Protini hufikia ulinganifu huo maji mazito yanapokuwa takribani asilimia 42. Lipidi nyingi za kawaida, kati ya asilimia 10 na 15. Hata hivyo, ulinganifu wa lipidi ni wa wastani tu, kwa kuwa vichwa na mikia yake hutawanya kwa viwango tofauti. Suluhisho ni kuingiza diuteriamu katika vichwa na mikia kwa viwango tofauti, hadi vyote vilingane na maji mazito ya asilimia 100. Hapo protini yenye haidrojeni ya kawaida ndiyo pekee inayoonekana.

Uwezo wa kanuni hii ulidhihirika katika uchunguzi wa ribosomu ya bakteria *Escherichia coli*. Kwa kuingiza diuteriamu katika protini mbilimbili na kupima umbali kati yake, watafiti walikamilisha mwaka 1987 ramani ya protini zote 21 za sehemu ndogo ya ribosomu. Miundo ya fuwele iliyopatikana kwa eksirei mwaka 2000 ilikubaliana nayo kwa ujumla.

Pamoja na mafanikio hayo, diuteriamu haibadilishi mwonekano pekee. Utando wa lipidi ya DPPC hubadilika kutoka hali ya jeli hadi hali ya majimaji katika nyuzi 41 za Selsiasi. Mikia yake ikijazwa diuteriamu, badiliko hilo hutokea nyuzi chache chini ya hapo. Kwa hiyo, sampuli mbili zilizopimwa katika joto moja zaweza kuwa katika hali tofauti, na tofauti hiyo ikadhaniwa kuwa athari ya protini. Vilevile, maumbo zaidi ya moja yaweza kuafikiana na data ileile ya mtawanyiko.

Hivyo basi, hitimisho kuhusu umbo la protini linapaswa kuegemea vipimo vya viwango kadhaa vya maji mazito, pamoja na jaribio linganishi la utando uleule usio na protini. Bila jaribio hilo, hatuna hakika kama tulichokiona ni protini au ni utando uliobadilika.