Mpangilio wa pete katika Ayatul Kursi

Kabla ya kulala, Waislamu wengi wa Beni na Butembo, mashariki mwa Kongo, husoma Ayatul Kursi (Aya ya Kiti), aya ya 255 ya sura ya al-Baqara. Katika eneo ambalo kundi la waasi la ADF limevamia vijiji usiku kwa miaka mingi, kinga ya aya hiyo haiombwi kwa mazoea tu. Wengi wameihifadhi tangu madrasa. Jinsi ilivyojengwa ni jambo ambalo halizungumzwi sana.

Inafunguliwa kwa majina mawili ya Mungu, Mwenye Uhai na Msimamizi wa kila kitu, na inafungwa kwa mawili, Aliye Juu na Aliye Mkuu. Ingia ndani kidogo: upande wa mwanzo hashikwi na usingizi, upande wa mwisho kuzilinda mbingu na ardhi hakumlemei. Ingia tena: vya mbinguni na ardhini ni mali yake, na kwa upande wa pili Kursi yake imezienea mbingu na ardhi. Halafu, hakuna wa kumwombea mwingine bila ruhusa yake. Upande wa pili, hakuna wa kuifikia elimu yake bila matakwa yake. Kinachobaki katikati ni kauli moja: anajua yaliyo mbele ya viumbe na yaliyo nyuma yao. Ni kama kupanda kilima cha Butembo na kushuka kwa njia ileile: kona ya mwisho kupandia ndiyo ya kwanza kushukia. Na kileleni pamewekwa, si kwa bahati nadhani, kauli inayotazama mbele na nyuma.

Huo ndio mpangilio wa pete. Sura ya Yusuf, yenye aya 111, inautumia kwa kisa kizima. Msomaji Mkristo anakijua kisa hicho kutoka Mwanzo 37 hadi 50, ila Kurani inakisuka kivyake. Mafundo yanafungwa kwa zamu: ndoto ya Yusuf, hila ya kaka zake, tamaa ya mke wa mheshimiwa, wanawake wa mjini, gereza. Mfalme anapoota, mafundo yanaanza kufunguka kutoka mwisho, kama mtafiti Mustansir Mir alivyoonyesha mwaka 1986. Yusuf anagoma kutoka gerezani mpaka wanawake wale waulizwe. Ukisoma haraka utadhani ni ukaidi. Ukiuona mpangilio, utaelewa kwamba fundo lao lilipaswa kufunguka kabla ya lile la kaka zake, na ndoto ya kwanza itimie mwisho kabisa.

Hoja kwamba aya zimepangwa kwa makusudi haikuanzia vyuo vikuu vya Ulaya. Ibrahim al-Biqai, aliyefariki mwaka 1480, aliandika tafsiri nzima juu ya munasaba, yaani namna aya na sura zinavyoshikana. Humo alinukuu Torati na Injili waziwazi. Wanazuoni wa Cairo wakamjia juu, naye akaandika kitabu kujitetea. India, Hamiduddin Farahi (1863–1930) alifundisha kwamba kila sura ina nguzo yake moja. Kongo nayo haiko mbali: Mary Douglas, Mwingereza aliyeanza utafiti wake kwa Walele wa Kasai mwaka 1949, alichapisha mwaka 2007 kitabu juu ya maandiko ya mviringo, akidai kwamba uzito wa maana hukaa katikati.

Mwaka huohuo Michel Cuypers, mtawa Mbelgiji aliyeishi Cairo, alitoa kitabu kuhusu sura ya al-Maida. Aya ya 48, inayosema kwamba kila umma umepewa sheria na njia yake, na kwamba washindane kwa mema, anaiona kama kitovu cha sehemu yake. Beni, ambako Mei 2021 Shehe Ali Amini, mkosoaji wa wazi wa wenye silaha, alipigwa risasi akiwa msikitini, suala la aya ipi ni kitovu na ipi ni pembeni halibaki darasani. Inafaa kukumbuka pia kwamba aya inayofuata Ayatul Kursi, ya 256, ndiyo inayokataa kulazimishana katika dini.

Lakini anayetafuta pete ataziona hata pasipokuwapo. Nicolai Sinai wa Oxford alimkosoa Cuypers kwa hilo mwaka 2017, na kwangu mimi yuko sahihi: jozi iwe ya maneno au mawazo mahususi, si neno linalopatikana kila ukurasa. Mfano unaopendwa sana ni kwamba al-Baqara ina aya 286, na aya ya 143, katikati kabisa, inataja umma wa katikati. Inapendeza, ila 286 ni hesabu ya wasomaji wa mji wa Kufa. Wale wa Basra walihesabu 287. Ayatul Kursi yenyewe Basra waliikata ikawa aya mbili, na jozi zake nne hazikusogea.